Eda ya Doonside

Kila nikialikwa kuzungumza juu ya kazi yangu ya kubuni mavazi ya jukwaani, swali la kwanza ni lile lile, na anayeliuliza huinamisha kichwa upande kama mtu aliyekuja kutoa pole. Ati, Korea imekuathiri vipi? Jamani. Mimi nilitoka Korea nimebebwa mgongoni, meno hayajaota. Korea yangu ni maneno machache ya kugombezwa, nusu ya wimbo wa kulalia, na kabichi la soko la Ngamiani lililotiwa chumvi na pilipili kali, likafungiwa kwenye ndoo mpaka majirani wakawa wanauliza kuna nini kimefia humo ndani.

Basi najibu kweli. Nasema nimekulia Tanga, na chochote ninachokijua juu ya nguo nimekijulia huko. Muulizaji anaitikia kwa heshima zote, anaandika, na makala ikitoka inasema mavazi yangu yamebeba ukimya wa mashamba ya mpunga ya Korea. Mpunga mimi nimeuona Mombo, dirishani mwa basi, na haukuwa kimya hata kidogo. Ulijaa watoto wanaofukuza ndege kwa kupiga makopo. Lakini mtu akishaamua wewe ni nani, ukimweleza habari zako anaona unamharibia.

Baba aliletwa Tanga kuwa fundi mitambo wa kiwanda cha kamba za mkonge. Mkataba ulikuwa mfupi, ila mashine za kiwanda kile hazikuwa na adabu, leo inatengenezwa hii, kesho inakufa ile, na Baba alikuwa mtu asiyeweza kulala mashine ikiwa mbovu. Tukakaa. Mtaani tuliitwa Wachina. Baba alilisahihisha jambo hilo dukani, gengeni, kwa muuza kahawa, miaka nenda miaka rudi, mpaka kinyozi wake akamwambia yaishe, mzee, tumeshaelewa, wewe ni Mchina wa Korea. Mama yeye hakujishughulisha. Alijifunza Kiswahili kwa wanawake wa uani, akakisema kwa haraka na kwa lafudhi yake mwenyewe, akaanza kuwashonea magauni, na Kikorea akakiweka akiba kwa ajili ya kugombana na Baba bila majirani kufaidi. Kwa hiyo nyumbani kwetu lugha ya mapenzi, ya chakula na ya umbea ilikuwa Kiswahili.

Katika nyumba iliyopakana na yetu alikaa mpambaji wa maharusi. Hatukuwa na damu moja, lakini nilimwita Bibi, naye alinituma na kunifinya kama mjukuu wake yeyote. Ukitaka kujua sanaa ya jukwaa niliisomea wapi, niliisomea kwenye mkeka wa chumba chake. Humo aliingia msichana amenuna, macho mekundu, pengine bwana mwenyewe hamtaki. Akatiwa hina, akafukizwa udi, akavikwa, akatengenezwa shungi, na mlango ulipofunguliwa alikuwa mtu mwingine kabisa, hata mamake alimwonea haya. Na nje walikuwa wamekaa watazamaji ambao sijapata kuona wenzao mahali pengine. Wanawake wale waliliona pindo lililopinda kabla bibi harusi hajavuka kizingiti. Wakisema kang'ara, umefaulu. Wakisema kapendeza, maskini, nenda kajifiche. Tangu hapo nimeandikwa na wahakiki wa magazeti wa kila aina, na hajatokea hata mmoja wa kunitia jasho kama lile neno maskini.

Kiwanda kilipofungwa kabisa, kaka yake Mama aliyekuwa Sydney akatuita. Tukahamia Doonside, nyumba ya matofali yenye majani mbele, Baba akapata mashine za kufulia za mtaa mzima za kutengeneza, na mimi nikawa napanda treni na basi kwenda chuoni Kensington kusomea ubunifu wa mavazi. Mwalimu wetu alitaka kila mmoja alete mizizi yake. Nikamchorea bibi harusi wa Tanga, na shungi lake, na vikuku, na kikuba cha asumini kifuani. Akautazama mchoro, akanitazama uso, akarudi kwenye mchoro, kisha akaniuliza kwa upole kama nimewahi kulifikiria hanbok, lile vazi la asili la Kikorea. Nililifikiria. Nikalitafuta maktaba, kwenye vitabu vile vile alivyovisoma yeye.

Baada ya chuo niliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, nimebeba kapu la nguo chafu. Kazi yangu ilikuwa kufua soksi za waigizaji na kuwafunga zipu gizani huku wao wananong'ona maneno yao. Baadaye nikawa msaidizi wa mbunifu huyu, msaidizi wa mbunifu yule. Ukiwa msaidizi unakata, unashona, unafumua, na siku ya kwanza ya mchezo unakaa safu ya nyuma kabisa kuangalia watu wanavyompigia makofi mwingine. Mama alikuwa haachi kuja. Anatazama mpaka mwisho, na kwenye treni ya kurudi ananiuliza, sasa wewe ulishona kipi? Namwambia, mkono wa kushoto wa yule mfalme. Anafikiri kidogo, anasema huo ulikaa vizuri.

Ndipo ikaja korona, kumbi zikafungwa, na watu wa sanaa wakagundua kumbe na wao huona njaa. Mara ya pili tulipofungiwa ndani, sisi wa upande wa Blacktown, ambako Doonside imo, tulifungiwa zaidi. Helikopta ilizunguka juu ya paa zetu, askari walibisha milango kuuliza kama tumo, wakati wenzetu wa upande wa baharini walionyeshwa kwenye taarifa ya habari wamejilaza mchangani, ati wanafanya mazoezi ya viungo. Wa kwetu walitoka alfajiri kwenda kupiga deki hospitali na kuwageuza wazee vitandani, wakirudi wanasikia redioni kuwa wao ndio wanaoeneza ugonjwa. Nilikuwa naizima redio ile kwa kofi.

Katikati ya hayo nikapigiwa simu na mwongozaji mmoja wa huko huko baharini. Alikuwa na mchezo mpya, habari ya mjane wa Kikorea mwenye duka la dobi, ulioandikwa na bwana aliyewahi kwenda Korea likizo akala vizuri. Wangefanya mazoezi kwa kompyuta, kila mtu kwake, ili milango ikifunguliwa wawe tayari. Alinitaka mimi niwe mbunifu. Si msaidizi, mbunifu, kazi nzima yangu. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka mingi. Nikamwambia, ili baadaye asiseme hakuambiwa, kwamba mimi Korea siijui, nimekulia Tanga. Akasema inashangaza sana, kisha akaniuliza habari za hariri.

Alitaka mjane wake avae hariri ya waridi na kijani. Mume kazikwa juzi, yeye yumo ndani ya waridi na kijani. Nikamwambia kwamba kwa nilivyosikia, Wakorea wa zamani walivaa nyeupe wakifiwa, na pwani ya kwetu pia mjane huvaa nyeupe. Akasema hapa nyeupe ni ya bibi harusi, watazamaji watachanganyikiwa. Nikasema wachanganyikiwe kidogo, hawatakufa. Akasema atalitafakari. Watu wale huwa hawakatai jambo; hulitafakari mpaka likafa lenyewe.

Siku chache baadaye Baba alifariki. Si korona, ni moyo. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine yetu ya kufulia, bisibisi mkononi, akalala ubavu kama mtu anayechungulia chini, hakuinuka tena. Tulimzika sisi wachache tulioruhusiwa, tumeachiana nafasi, hakuna aliyemshika Mama mkono isipokuwa mimi. Tanga uani kungejaa, kungepikwa, kungeliwa, kungesengenywa hata marehemu mwenyewe kidogo. Pale makaburini tulisikia ndege tu, na bwana wa mazishi akijipaka kitakasa mikono. Niliona uchungu na aibu kwa pamoja, kwamba mtu aliyewatengenezea watu mashine zao maisha yake yote anaondoka kimya kimya namna ile.

Tulipofika nyumbani Mama akavua viatu, akaniambia anakaa eda.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama hakuwa Mwislamu. Kanisani alikwenda Krismasi, na hata hiyo kwa sababu ya kwaya. Nikamkumbusha, polepole, kwamba eda ni sheria ya dini ya watu.

“Baba yako alikuwa mume wangu au mume wa dini?” akanijibu. “Wanawake wa Tanga wakifiwa wanajua la kufanya. Mimi jingine sijafundishwa.”

Kwa asiyejua, eda ni ile miezi minne na ushee ambayo mjane hukaa ndani amevaa nyeupe, hajipambi, hajitii manukato, hatoki bila haja, na haonwi na mwanamume ajinabi, asiye ndugu yake. Mama aliishika kuliko wenyewe. Hata kalenda ya duka la nyama, yenye picha ya mchinjaji anayecheka, aliigeuza ikatazama ukuta. Na mimi, msiba juu ya kichwa, nikaanza kucheka peke yangu jikoni, kwa sababu jiji zima lilikuwa limetiwa eda bila kujua. Marufuku kutoka, marufuku kutembelewa, marufuku kujipamba maana hata saluni zimefungwa. Tofauti ni kwamba Mama alijua anamlilia nani.

Nguo nyeupe ikajileta yenyewe. Sisi wabunifu, kabla ya kukikata kitambaa cha thamani, tunashona kwanza nguo ya majaribio kwa marekani, ile pamba rahisi isiyotiwa rangi, tunaichorachora na kuifumua tunavyotaka. Mwongozaji aliniletea jora zima, likaachwa mlangoni, na Mama akalikuta yeye. Sasa kwa macho ya mtu wa Tanga, jora jeupe kwenye nyumba yenye msiba ni bafta, na bafta ni ya sanda au ya eda. Sanda ilikuwa imeshapita. Basi akajua nimemwagizia yeye. Nilipotoka kuoga nikamkuta ameshalikata, yuko kwenye cherehani, na ananishukuru huku anafuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Ningemwambia nini? Nikachukua mkasi wa pili nikamsaidia.

Alilishona gauni lile kwa kukumbuka tu. Mikono mipana, hakuna vifungo, limefungwa ubavuni kwa utepe kama alivyoyaona ya mamake utotoni. Chini likamwagika kama dera. Na juu yake ushungi aliouzungusha Kitanga. Halikuwa la Korea wala la Tanga. Marekani ina rangi ya maziwa yaliyolala, kwa hiyo alilifua na kulianika mpaka likatakata. Lilimkaa vizuri mno, na mimi nikaona haya kuliona hilo siku ile.

Kazi nayo ikaendelea kwa kompyuta. Waigizaji walijipima wenyewe, wengine kwa kamba ya kiatu, na wote kwa vipimo vyao walikuwa wembamba kuliko picha zao. Mwigizaji mkuu, binti wa Kikorea aliyezaliwa hapa hapa Sydney, alipimwa na mumewe, ambaye hakujua bega linaanzia wapi. Mwongozaji akiwa na swali la Korea alimuuliza yeye, naye akasema labda mbunifu anajua. Akaniuliza mimi, nikasema labda mwigizaji anajua. Tulitazamana kila mtu kwenye kioo chake tukajifanya tunakohoa.

Kompyuta yangu ilikuwa sebuleni, juu ya meza ya cherehani, na mimi na Mama tulikuwa na utaratibu wetu: mkutano ukianza anaingia chumbani, akinisikia nimeaga anatoka. Siku moja niliaga, wenzangu wakatoweka mmoja mmoja, lakini mwongozaji akabaki, bado ana neno la hariri. Mama alikuwa ameshasikia kwaheri. Akatoka na kikombe chake cha chai, akapita nyuma yangu.

Mwongozaji akanyamaza katikati ya hariri yake. Akaweka kiganja kifuani.

“Hiyo hapo nyuma yako,” akasema. “Ndiyo nguo ninayoitafuta.”

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama, na mbele yake, kioo kizima, uso wa mwanamume asiyemjua umemtolea macho. Akauvuta ushungi usoni, chai ikammwagikia kifuani, akarudi ndani mbio. Nikampigia kelele kwa Kiswahili, Mama nisamehe, nilidhani ameondoka. Naye akanijibu kwa Kiswahili kutoka chumbani, maneno ambayo sitayaandika. Yule bwana akafumba macho. Akasema Kikorea ni lugha yenye muziki wa ajabu. Nikaifunga kompyuta usoni pake.

Mama nilimkuta amekaa kitandani, mgongo umenyooka, doa la chai kifuani.

“Ameniona?”

Nikasema amemwona, ila kidogo, kwa mbali. Nikasema kioo si mtu. Nikasema mengi. Aliningoja nimalize, halafu akatoa hukumu ya fundi cherehani. Mshono ukienda kombo katikati, alisema, huendelei mbele ukiomba utanyooka wenyewe. Unafumua, unaanza mwanzo. Eda yake imeharibika, basi anaianza upya tangu siku ile. Nikambembeleza, nikamgombeza, nikalia. Hakubishana nami hata kidogo, na mtu asiyebishana hashindiki.

Kesho yake mwongozaji akapiga simu. Sasa nyeupe ilikuwa imeshakuwa wazo lake mwenyewe, limemjia usingizini. Lakini hakutaka nyeupe yoyote tu. Alitaka gauni lile lile. Katika kazi yetu nguo mpya huchakazwa makusudi, tunaisugua msasa, tunaitia majani ya chai, ionekane imeishi na mtu. Yeye alikuwa ameiona imeshatiwa chai tayari. Nikamwambia ile ni ya mtu wa nyumbani, amefiwa, na ameivaa sasa hivi tunavyozungumza. Akasema ndiyo maana hasa anaitaka, msiba ule utasikika mpaka safu ya mwisho.

Nilikasirika. Nikamuuliza, huyo mwigizaji wako ana mume? Akasema anaye, bwana mzuri sana. Nikamwambia kwetu mwenye mume havikwi nguo ya mjane, huo unaitwa uchuro, unamwitia mwenzio ujane mchana kweupe. Akacheka kidogo, akauliza kama hiyo ni imani ya Kikorea. Na huyu ni mtu ambaye akisikia mluzi jukwaani, kwa kuogopa mkosi, humtoa aliyeupiga nje ya jengo, alizunguke, arudi, aombe radhi. Nikamwambia atashonewa jingine, jipya, kwa mkono wangu, au atafute mbunifu mwingine. Nilipokata simu nilijua nimeitupa kazi niliyoisubiri ujana wangu wote. Akalitafakari. Safari hii, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine mwenye uso kama wangu na mkasi, jambo likapona. Nikamkatia mwigizaji gauni lake kutoka kipande kilichobaki kwenye jora.

Jiji likatoka eda. Watu walikimbilia vinyozi na baa utadhani wamefunguliwa jela, na mchezo wetu ukapangiwa siku. Mama hakutoka. Kwa hesabu yake mpya, mchezo wangu ungeanza na kumalizika yeye yumo ndani.

Nilitaka kumheshimu na nilitaka kumburuta. Wale watu wengine wote, hata ningewavika waigizaji magunia, wangenishika mkono na kuniambia kazi ya ajabu. Mama peke yake ndiye angeniambia wapi pamekaa na wapi pamevuta. Miaka yote amekuja kutazama mkono wa kushoto wa mfalme, na mara hii moja ambayo nguo zote ni zangu, asiwepo. Nilikuwa nalala na donge hilo, naamka nalo.

Wanawake wa Afrika Mashariki wanaokaa Blacktown, waliokuwa wakituachia vyungu vya chakula mlangoni, nikawaomba rai yao. Nilikosea. Wa Mombasa akasema eda haivunjiki kwa kuonwa, ni dhambi ndogo, itaombewa. Wa Unguja akasema hao wa Mombasa hawajui kitu. Dada mmoja wa Bujumbura akasema kwao msiba huondolewa kwa bia, kama tunataka atazileta. Mama aliwasikiliza wote kwa nyuma ya mlango, hakumwamini hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa wa Tanga.

Ikabidi nimpigie Bibi. Alikuwa mzee sasa, hainuki bila kushikwa, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kufukuzia kuku. Simu nikaifungulia sauti yote, nikaiweka juu ya kiti mbele ya mlango wa Mama. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akamlilia Baba kidogo, akamsema Baba kidogo, kisha akataka nieleze shida yangu. Nikamweleza kuanzia jora mpaka kikombe cha chai.

“Huyo bwana alipomwona mamako, alimwamkia?”

“Hapana, Bibi.”

“Alimpa pole ya mumewe?”

“Hapana. Alisema ile ndiyo nguo anayoitafuta.”

Nilisikia jogoo wa Tanga, na mtu anamwaga maji uani.

“Basi hajamwona,” akasema Bibi. “Kaona nguo. Muda wake ule wa kwanza umetimia?”

“Umetimia juzi.”

“Aoge atoke. Asinitie aibu.”

Mlango haukufunguliwa papo hapo. Nilikaa pale chini na simu iliyokwisha kukatika, nikasikia kitanda kinalia, na baada ya muda Mama akatoka, akaniambia niwashe maji ya moto. Hakuwapo mpambaji mwingine, kwa hiyo nikawa mimi. Nikamfukiza udi mpaka king'ora cha moshi kikapiga kelele na jirani akaja kuuliza kama tunaungua. Nikamvika gauni la zambarau, nikamtia wanja, mikono yangu ikiwa mizito kuliko siku yoyote kazini. Lile jeupe alilifua, akalikunja, akampelekea mwanamke mwingine aliyefiwa, maana nguo ya eda haiwekwi kabatini.

Alikuja kwenye mchezo. Nilimkalisha katikati, na mimi, kwa mara ya kwanza, sikukaa safu ya nyuma. Mchezo wenyewe ulikuwa wa hovyo. Mjane alizungumza na pasi ya umeme muda mrefu bila sababu, na watu wakakohoa ndani ya barakoa zao. Lakini alipoingia na lile gauni, marekani tupu, kitambaa ambacho sisi hukitupa baada ya majaribio, ukumbi ulinyamaza. Nikageuka kumwangalia Mama. Akaniinamia akanong'ona kwamba bega la kulia limevuta kidogo, mengine yote yamekaa. Nilifurahi mpaka nikashindwa kuona jukwaa.

Baadaye ukumbi wa mapokezi ulijaa watu wanaogongana viwiko na kusifiana. Nilimwacha Mama karibu na meza ya vinywaji, barakoa ameishusha kidevuni ili anywe juisi yake, nikaenda kumtafutia kiti. Niliporudi, mwongozaji alikuwa ameshamshika mikono yote miwili. Alikuwa anampongeza kwa binti yake aliyeigiza vizuri kiasi kile. Bwana akaendelea kumweleza juu ya gauni, kwamba halikutoka vitabuni. Kwamba yeye mwenyewe, wakati ule wa kufungiwa, alimwona kwenye kompyuta mjane wa kweli wa Kikorea, mara moja tu, na uso ule hautamtoka mpaka anakufa. Aliyasema hayo karibu kabisa na uso wa Mama, na machozi yanamlengalenga.

Mama alimwacha amalize. Akaitoa mikono yake taratibu, akanigeukia, na niliyaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

“Bibi alisema kweli,” akaniambia. “Hajaniona.”